Vidonge vya Mashavu

Sehemu ya Tisa

Kiatu cha daktari kilikuwa kimekanyaga kipakiti.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Sindano wiki iliyopita: ameinama kando ya kitanda cha binti yake, mkoba umemponyoka, vitu vimetapakaa sakafuni. Kitana, futi ya kupimia nguo, pini, leso, na kipakiti cha nailoni kisicho na jina wala maandishi, chenye vidonge vidogo vyeupe ishirini na kitu. Na juu ya kipakiti, kiatu cheusi cha daktari.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari ni fupi. Binti wa Mama Sindano ni mpima ardhi. Ana saratani ya ngozi iliyoanza kama baka jeusi chini ya unyayo, sasa imepanda mguuni. Amekubaliwa kwenye utafiti wa tiba mpya ya jeni. Mama yake, fundi cherehani, amekuwa akimsagia vidonge vya kunenepesha kwenye maziwa kila asubuhi, wiki kumi mfululizo, kwa siri. Binti hajui. Daktari hajui. Mnajua nyinyi, na muuza vipodozi aliyemuuzia.

Daktari aliinua mguu, akaokota kipakiti, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Hivi vya nani?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka mpaka madaktari wadogo humfuata mchakamchaka. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ingekuwa rahisi.

Mama Sindano alifungua mdomo aseme kweli. Uongo ukamtangulia.

"Vyangu, daktari. Vya presha."

"Mbona havina jina?"

"Boksi nimeliacha nyumbani. Linajaza mkoba."

"Unameza mara ngapi?"

"Asubuhi tu."

Daktari alimrudishia kipakiti mkononi, akamfumba vidole kama mtu anayempa mtoto nauli.

"Usitembee na dawa zisizo na jina, mama yangu. Siku ukianguka barabarani, nani atajua unatumia nini?"

"Nimesikia, daktari. Asante."

Mama Sindano alikisukuma kipakiti chini kabisa ya mkoba, akavuta zipu. Tangu juzi alikuwa akitembea nacho akitafuta pa kukitupa. Mapipa ya wodini yana rangi rangi na hukaguliwa. La chooni halina mfuniko. La barabarani aliogopa watoto wataokota. Mwanamke aliyemlisha binti yake wiki kumi bila kuogopa, leo anaogopa pipa.

Daktari alikuwa ameshafunua bandeji ya mguu. Aligusa uvimbe kwa ncha za vidole: mmoja chini ya goti, wa pili juu yake, wa tatu karibu na nyonga.

"Kuna joto lolote? Maumivu?"

"Hakuna, daktari," Binti alijibu. "Mguu umetulia tuli."

Alisema kwa furaha. Daktari hakufurahi.

Siku ya kwanza kabisa daktari aliwaeleza kwa kalamu na karatasi. Mwili una askari wake, ndizo seli nyeupe za damu. Saratani ni mjanja, inakaa katikati ya askari hao na hawaitambui. Basi tiba hii inachukua virusi waliopunguzwa makali, inawabebesha jeni, inawadunga ndani ya uvimbe wenyewe. Jeni ile ikishaingia, uvimbe unaanza kutoa kemikali inayowaita askari. "Ni kama kumvisha mwizi kengele shingoni," alisema. "Askari wakisikia, wanakuja. Uvimbe unakuwa mwekundu, unapata moto, unauma. Mgonjwa analia, mimi nashangilia."

Binti alikuwa ameshadungwa mara nne. Uvimbe wake ulikuwa baridi kama kokoto za mtoni.

"Ama kengele haikulia," daktari alisema sasa, akifunga bandeji, "ama askari hawasikii. Kikao ni saa nne. Leo lazima tujue."

"Na msipojua?" Mama Sindano aliuliza.

"Sindano ya tano hatutampa, mama. Sheria ya utafiti ndiyo hiyo. Atatoka, nafasi yake apewe mwingine."

"Akitoka, kuna dawa gani nyingine?"

Daktari alimtazama Binti, akamtazama mama, akasema taratibu, "Zile alizokwisha kutumia."

Akaondoka, madaktari wadogo nyuma yake.

Mama Sindano alibaki ameshika ukingo wa kitanda. Yeye alikuwa anajua kwa nini askari hawasikii. Alikuwa anajua tangu Jumanne.

Kila Jumanne nesi wa utafiti husoma orodha ya maswali. Unatumia dawa za kienyeji? Hapana. Umepata chanjo yoyote? Hapana. Unatumia steroidi? Hapana. Neno hilo Mama Sindano alikuwa akilisikia likipita kama jina la mtaa wa mbali. Kumbe Jumanne hii alikuja nesi mwingine, kijana mwenye maneno mengi, akafafanua bila kuulizwa: "Yaani vile vidonge vinavyouzwa kwenye maduka ya vipodozi, vya kuleta hamu ya kula na mashavu. Vile vinalaza askari wa mwili usingizi wa pono."

Na Mama Sindano akajibu, kabla hata Binti hajafungua mdomo: "Hapana. Sisi hatutumii takataka hizo."

Halafu akafanya jambo baya zaidi.

Alitoka nje ya chumba kile, akamkuta Miwani kwenye korido. Miwani ni mtaalamu wa maabara, kijana mrefu mwenye miwani mizito, ndiye anayetunza chupa za tiba kwenye friza ya baridi kali. Wodi nzima ilikuwa imeshasikia kwamba mlango wa friza ulikutwa wazi. Mama Sindano akamsimamia mbele ya benchi lililojaa wagonjwa.

"Wewe! Umeiua dawa ya mwanangu! Mlango wa friza tu umekushinda, ungepewa shule ungefunga lini?"

Watu walicheka. Miwani akainamisha kichwa.

Mama Sindano alikuwa ameshajua, msomaji. Alijua, na ndiyo maana alipaza sauti.

"Hodi."

Mama Sindano aligeuka. Mlangoni alisimama Miwani, ameshika bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba dakika mbili kabla sijaingia kwenye kikao." Alikaribia, akasimama mguuni pa kitanda kama mtu aliyeitwa mahakamani. "Nimekuja kuwaomba radhi. Wewe na dada hapa."

Mama Sindano aliuvuta mkoba karibu.

"Radhi ya nini?"

"Ulichosema Jumanne ni kweli. Siku ile mwenzangu hakuja, nilikuwa nahamisha chupa peke yangu. Mlango haukubana. Dakika arobaini. Nilipogundua nilipima, nikaona baridi haijapungua sana, nikajipa moyo. Lakini nikitazama mguu wa dada..." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Nadhani chupa zake ziliharibika mikononi mwangu. Nimeandika yote humu. Sijaficha kitu."

"Kaka, usijilaumu hivyo," Binti alisema, kichwa bado kwenye mto wa kitanda. "Wewe binadamu."

"Watakufukuza?" Mama Sindano aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia imekuwa ndogo.

"Nadhani hivyo, mama."

"Barua umeshawapa?"

"Naipeleka sasa hivi."

Sema, alijiambia. Sema sasa, yuko mmoja tu, na ni mpole. Mdomo ulikuwa mzito kama umeshonwa kwa uzi wa viatu.

"Mwanangu," alianza, "hebu ngoja kidogo. Hiyo barua..."

"Jamaniii! Mgonjwa yuko wapi? Naona bibi harusi tu hapa!"

Pazia lilivutwa, akaingia Shangazi. Ndiye shangazi wa mchumba wa Binti, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. Alikuwa amebeba maua ya plastiki na chupa ya juisi.

"Mkwe mwenzangu!" Alimkumbatia Mama Sindano mpaka kilemba kikamkaa upande. "Mnatuficha nini nyinyi? Mwezi wa tatu nilimwona huyu mtoto amekauka kama ukuni, nikarudi nyumbani nikalia. Leo mashavu yamejaa hivi! Tuliambiwa kalazwa, kumbe yuko hotelini!"

Binti alijaribu kucheka. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mke wetu. Kijana akikuona hivi atataka harusi iwe kesho." Akamgeukia mama. "Ulimpa nini, mwenzangu? Hebu tugawie hiyo siri, na sisi tuna watu wamekonda kule."

"Maziwa tu," Mama Sindano alijibu.

"Maziwa tu!" Shangazi alimwambia Miwani, ambaye hakuwa ameulizwa. "Umesikia mapenzi ya mama hayo? Madaktari wanahangaika na virusi vyao, mama na maziwa yake."

Mama Sindano alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na mkoba wake.

"Mama," Binti alisema, "nasikia kizunguzungu."

"Lala, mwanangu."

"Tumbo pia. Tangu jana. Nataka kwenda chooni."

Aliteremsha miguu. Akasimama. Akasema, "Mbona giza," asubuhi ile saa tatu na nusu jua limejaa chumbani. Kisha akaenda chini.

Miwani ndiye aliyemdaka. Bahasha ikaruka. Shangazi alipiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wa vyumba vitatu.

Nesi alikuja mbio na kipimo cha presha. Akafunga mkononi, akasoma, akafunga tena kana kwamba mashine imekosea.

"Sabini kwa arobaini!"

Daktari alirudi na kundi lake. Kitanda kiliinuliwa upande wa miguu, dripu ikatundikwa, ya pili ikafuata. Binti alikuwa amerudiwa na fahamu nusunusu, midomo imempauka, anatapika majimaji.

"Joto?"

"Hana homa, daktari."

"Mguu?"

"Baridi vilevile."

Kwa dakika moja Mama Sindano alijidanganya. Labda ndiyo kengele imelia, alifikiri. Labda askari wameamka wote kwa pamoja, ndiyo maana mwili unatikisika. Alimshika daktari mkono.

"Si dawa imeanza kufanya kazi?"

"Ingeanza, mguu ungewaka moto." Daktari hakumtazama. "Presha?"

"Sitini na nane. Inateremka na maji yanaingia."

"Ni maambukizi," alisema daktari mmoja kijana. "Tuanze antibaotiki, tumpeleke chumba cha uangalizi."

"Bila homa? Bila kidonda?" Daktari alisimama, mikono kiunoni. Na hapo ndipo alipoutazama uso wa Binti kama anauona mara ya kwanza. Mashavu ya duara, yaliyojaa. Kisha akautazama mkono uliolala shukani, mwembamba, mifupa imechongoka. Uso wa mtu mmoja, mkono wa mtu mwingine.

Akageuka polepole.

"Mama. Kuna kitu chochote huyu binti alikuwa anatumia, akakiacha ghafla?"

Chumba kizima kilimgeukia: manesi wawili, madaktari watatu, Miwani, Shangazi na maua yake.

"Daktari, naomba tuongee nje."

"Hakuna muda wa nje."

"Dakika moja tu, kuna watu..."

"Mama! Binti yako anaondoka. Ongea hapo ulipo."

Mama Sindano amewahi kujibizana na mwenye nyumba, na mwalimu mkuu, hata na askari kanzu aliyetaka kuchukua cherehani yake. Ndiyo sababu ya jina lake, ulimi wake huchoma kama kifaa chake cha kazi. Asubuhi hiyo ulimi ulikwama.

Akafungua mkoba. Akatoa kipakiti, akakiweka kitandani, juu ya shuka nyeupe, mbele ya macho ya wote.

"Hivi si vya presha," alisema. "Hivi nilikuwa nampa yeye. Nilisaga nikatia kwenye maziwa. Viwili kila asubuhi. Wiki kumi."

"Umeacha lini?"

"Jumatano. Nesi alipoeleza Jumanne, niliogopa nikaacha."

"Umeacha kwa mara moja? Hukupunguza?"

"Sikujua kuna kupunguza."

Daktari hakufoka. Alishamgeukia nesi. "Haidrokotizoni, miligramu mia, kwenye mshipa, sasa hivi. Sukari mpime. Maji yaendelee."

Sindano iliingia. Walisubiri. Nesi alisoma namba kwa sauti kama mtu anayeita wanafunzi: sabini, sabini na mbili. Daktari, macho kwenye mashine, alieleza kwa sauti ya chini, si kwa kumsuta, kama vile anawafundisha wale vijana wake.

"Mwili unatengeneza wenyewe dawa ya namna ya vidonge hivi na sindano hii, kidogo kidogo, kwenye vitezi vilivyo juu ya figo. Ukiuletea ya dukani kila siku, vile vitezi vinaona kazi imepata mtu, vinalala. Ukikatiza ghafla, ya dukani haipo na ya mwili haijaamka. Presha inaanguka hivi. Na kwa wiki kumi zote hizo, askari tuliokuwa tunawapigia kengele walikuwa wamepewa dawa ya usingizi na mtu wa nyumbani."

Themanini. Themanini na nane. Baada ya nusu saa, tisini na sita.

Hapo Shangazi alivuta pumzi. Alichukua chupa yake ya juisi kutoka mezani, akaifuta jasho, akairudisha kwenye mfuko.

"Kumbe mashavu ya dukani," alisema.

Maneno manne tu, msomaji, lakini yalimkata maini Mama Sindano. Shangazi aliaga manesi, akamuaga daktari, akatoka. Mkwe mwenziwe hakumuaga. Maua aliyaacha.

"Mama."

Binti alikuwa amefungua macho. Midomo imeanza kurudi rangi.

"Nipo, mwanangu."

"Nimesikia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Binti alitazama juu kwenye feni iliyosimama.

"Nilikuwa najiangalia kwenye kioo," alisema. "Kila asubuhi. Naona uso unarudi. Nikawapigia simu wenzangu wote kazini, nikawaambia tiba imenikubali, nitarudi uwanjani na vifaa vyangu. Mama, nilikuwa nawaambia wagonjwa wapya pale kwenye benchi. Mtazameni mimi, nawaambia."

"Mwanangu..."

"Na kila Jumanne naulizwa, nasema hapana, natia sahihi. Sahihi yangu, mama. Umenifanya mwongo na mimi mwenyewe sijui."

Mama Sindano alikaa kwenye kiti cha plastiki. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu cha kushika, vikapata futi, vikaizungusha.

"Sketi yako ya kazini niliipunguza kiuno mara nne," alisema. "Mara ya nne sikuwa na kitambaa cha kukunja tena. Tukitembea, watu wanakutazama, wananitazama na mimi, kama vile nakunyima chakula. Siku ile kule kwa wakwe, walipokaa kimya ulipoingia... nilishindwa. Niliona aibu."

"Aibu yangu au yako?"

Angeweza kusema yako. Angeweza kusema ni uchungu wa mama, na kila mwanamke kwenye wodi ile angeitikia.

"Yangu," alisema.

Binti alifumba macho. Hakutoa mkono wake chini ya shuka.

Daktari alikuwa anaandika kwenye faili. Mama Sindano alijikokota hadi kwake.

"Mnamtoa?"

"Sijui, mama. Kwanza aishi. Halafu tumpunguzie hii dawa kidogo kidogo, wiki kadhaa, mpaka mwili uamke wenyewe. Kikao kitaamua kama anaweza kuanza upya. Nitamwombea." Aliinua kalamu. "Lakini sahihi atatia mwenyewe, maswali atajibu mwenyewe, na maziwa yake atachemsha nesi."

"Sawa."

"Sikusemi vibaya. Nakwambia utaratibu."

"Ningeshukuru ungenisema vibaya," alijibu Mama Sindano, na ilikuwa kweli tupu.

Miwani alikuwa bado pale, amesimama ukutani, bahasha amekwisha kuiokota. Mama Sindano akamwendea. Alikuwa na umri wa kumzaa. Alitazama vifungo vya koti lake kwa sababu macho yalimshinda.

"Baba, hiyo barua ichane."

"Siwezi, mama. Mlango ulikuwa wazi kweli. Hilo ni langu."

"Nilikutukana mbele ya watu. Na nilikuwa najua."

"Jumanne ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimetoka kuambiwa. Dakika tano."

Miwani alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. Ungedhani atasema neno la kuuma, na alikuwa na haki nalo. Badala yake alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu ambayo haikai sawa.

"Daktari," aliita. "Wagonjwa wetu ni kumi na mmoja. Wote wametumia chupa za friza ile ile. Tisa uvimbe umewaka moto. Hawajaitikia wawili tu."

Daktari aliinua kichwa.

"Dada hapa," Miwani alisema, "na namba saba. Yule fundi paa mwenye uvimbe begani. Anakuja Jumanne tu, anadungwa, anarudi nyumbani." Akamgeukia Mama Sindano, na sauti yake ikawa ya heshima kupita kiasi. "Mama, wewe na mke wa fundi mnakaaga benchi moja. Naomba nikuulize. Samahani kwa kukuuliza."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Mama Sindano, jepesi, lililozoea njia. Hapana. Alilisema Jumanne bila kusita. Nani angejua? Fundi na mkewe walimwapia kwamba hawatamtaja. Na hapa ndani watu walikuwa wameanza kumwangalia kwa huruma kidogo. Huruma hiyo alikuwa anaihitaji kama hewa.

Alimtazama Binti. Binti alikuwa amefumbua macho, anamtazama yeye.

"Nilimgawia," alisema.

"Unasema?" Miwani aliuliza.

"Mkewe alikuwa analia kwamba mumewe hali chakula. Nikamwonea huruma. Kila Jumanne nilimfungia vya wiki kwenye karatasi. Nilijiona mtu mwema. Nilijiona nasaidia."

"Tangu lini?" daktari aliuliza.

"Wiki ya pili."

"Na Jumanne hii?"

Mama Sindano alifunika uso kwa viganja. "Sikumpa. Nilipomwona anakuja, nilijificha chooni mpaka wakaondoka."

Daktari alikuwa ameshatoa simu. Nesi alimtajia namba kutoka kwenye faili. Iliita, iliita, ikapokelewa na sauti ya mwanamke, na daktari akaiweka wazi wote wasikie.

"Mume wako yuko hapo?"

"Ametoka daktari, ameenda kazini. Kuna nini?"

"Hali yake ikoje?"

"Si nzuri. Tangu jana analegea, asubuhi ametapika. Nimemwambia apumzike, yule hasikii. Anasema leo wanamaliza kuezeka, akikosa leo nafasi yake wanampa mtu mwingine."

"Mpigie simu! Mwambie akae chini, asipande popote!"

"Simu yake hii hapa, daktari. Ndiyo unayoongea nayo."

Daktari alibana macho. "Anaezeka wapi?"

"Si hapo hapo kwenu? Lile jengo la ghorofa tatu nyuma ya hospitali. Yeye husema akiwa juu anawaona manesi madirishani."

Mama Sindano ndiye aliyefika dirishani kwanza. Alisukuma kioo.

Ng'ambo ya uzio, juu ya mabati mapya yanayoumiza macho kwa jua, walikuwepo wanaume wanne. Watatu walikuwa wamesimama, wanapitishiana misumari. Wa nne alikuwa amechutama peke yake ukingoni kabisa, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba!" Mama Sindano alipiga ukelele. "Fundi!"

Daktari alimkamata bega kwa nguvu. "Usimwite! Akiinuka ghafla presha itamwangusha!"

Lakini fundi alikuwa ameshasikia. Aligeuza kichwa taratibu, akatafuta sauti inatoka dirisha gani. Akamwona. Akamtambua. Uso wake, ule uso ulionona wa mtu aliyekonda, ukafunguka kwa tabasamu la shukrani.

Akaweka kiganja kwenye bati, akaanza kuinuka ili amsalimie mama aliyemfadhili.